Jumanne, Kila Wiki ya Pili

Muuguzi Irmeli analijua hata jina la paka wangu,
ila kabla ya kufungua mrija lazima aniulize tena:
umezaliwa lini?
Nami hujibu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tone. Tone. Saa tatu.
Nje, Oulu imefunikwa na theluji.
Kiti cha pili Veikko anafuma soksi,
ya nne sasa, zote za mguu wa kushoto, asema.

Dawa hii imenigombanisha na baridi.
Mimi, niliyezoea kutoboa barafu ya mto nikaogelea,
leo navaa glavu kufungua friji,
na bado chupa ya maziwa inaning'ata kama siafu.
Kijiko kina ladha ya sarafu;
uji naula kwa mwiko wa mbao.

Alhamisi sipo.
Ijumaa sipo.
Jumapili narudi mwilini
kama mpangaji anayedaiwa kodi:
nachungulia kwanza.

Kisha, njaa! Nakaanga vitunguu,
naimba ovyo, paka anakimbia.
Siku nane ni zangu.

Jumatatu usiku napanga mkoba:
glavu, kitabu nisichokisoma,
na soksi mbili alizonipa Veikko,
zote za kushoto.