Mkono Si Wangu

Usiku niliozaliwa theluji ilimfika farasi kiunoni.
Ndani ya hema la sufu, samadi kavu ikiwaka,
Zuurakan alinawa hadi viwikoni
akasema yasemwayo: mkono si wangu,
ni wa Bibi Fatuma, ni wa Mama Umai.

Kwenye kamba ya susu, simbi saba
za bahari ambayo hakuna kwetu aliyeiona,
na ukucha wa tai. Hivyo ni vya Umai,
mwenye nywele za fedha, maziwa yasiyokauka.
Na chini ya mto, mkasi:
mto wa kulalia, ili yule wa mto wa maji asiingie,

Albarsti, nywele njano hadi visiginoni,
matiti kayatupa mabegani kama mikoba,
anyofoaye pafu la mzazi
akaenda kulisuuza Naryn.
Likigusa maji, basi.

Mama alipona.
Wakachinja kondoo, wakambusu Zuurakan viganja,
wakamvisha kitambaa cheupe.
Umai wetu, walimwita. Umai wetu!

Kabla barafu haijavunjika, aliitwa kwa Sonunbu.
Mtoto alitanguliza miguu.
Damu haikusikia dua wala mkasi.
Alfajiri mtu mmoja, simtaji, ni wa ukoo wetu,
alisema kamwona mkunga kainama mtoni.
Alikuwa ananawa.
Nani asingenawa?

Tulipohamia malisho ya juu
nywele zake, nyeusi tangu utoto,
zilikuwa njano midomoni mwa watu.
Nikiwa na miaka sita tulimrushia mavi ya mbuzi,
nami nilikuwa mbele, nina shabaha.

Mama husema nilizaliwa na doa la buluu
juu kidogo ya makalio: kofi la Umai,
la kunisukuma nitoke.
Lilififia nilipoanza kutembea.
Leo, mwanamke mzima, nageukageuka kiooni
kutafuta vidole vitano,
na sijui niviite vya nani.

Labda ni mmoja tu,
aliyekwenda mtoni kunawa
akarudi akakuta pazia la mlango limeshushwa.

Jana nilipanda hadi kaburini kwake.
Nimemwaga bakuli la maziwa ya farasi;
ardhi ngumu, yakachelewa kuingia.
Kwenye kamba ya susu zimebaki simbi sita.
Mama ameona. Hajauliza.