Mlango wa Eksirei

"Ameanguka," anasema mwenziwe.
Sikumuuliza mwenziwe.

Nimeuuliza mkono uliovimba kama unga uliozidiwa hamira,
nimeziuliza kucha zilizoshika udongo mweusi wa uyoga,
nimemuuliza yeye, Plamen,
jina lililo kwenye fomu kwa mwandiko usio wake.
Anatazama sakafu. Anayejibu ni Ognyan:
binamu, kisha msimamizi, kisha jirani,
yote matatu ndani ya dakika kumi.

Venlo, Januari, saa tisa usiku.
Nje theluji, na huyu kaja na viatu vya plastiki
bila soksi.
Kitambulisho chake kinatoka mfukoni mwa Ognyan,
kimefungwa kwa mpira pamoja na vingine saba.
Nahesabu kwa jicho, najifanya natafuta kalamu.

Jeraha la siku sita si ushahidi;
maskini wengi huchelewa.
Woga si ushahidi;
hospitali huwatisha hata madaktari.
Lakini figa moja, na la pili, na la tatu,
na chungu kimekaa.

Miaka minne nyuma nilimuuliza mwanamke
mbele ya aliyejiita mumewe:
"Kuna anayekuumiza?"
Akasema hapana.
Nikaandika hapana
kwa mwandiko mzuri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Na ambaye maradhi yake yamefichwa na mwingine?

Dokta Sjoerd anatazama uso wangu,
anatia saini fomu ya picha, haulizi kitu.
Kwenye eksirei haingii mtu wa pili.
"Mionzi," namwambia Ognyan,
namwonyesha kibandiko cha manjano.
Mionzi haijali ubinamu.

Mlango mzito wa risasi unajifunga nyuma yetu.
Kwenye simu, mkalimani: Tsvetana,
sauti yenye usingizi, birika linachemka nyuma yake.
Siulizi, "Umeuzwa?"
Nani ataitikia jina kama hilo?
Nauliza: Unalala wapi?
Mlango hufungwa kwa ndani au kwa nje?
Mshahara anaushika nani?
Ukisema kesho naondoka, itakuwaje?

Kimya. Birika linazimwa.
"Nadaiwa," anasema.
Alikuja na deni la euro mia nne.
Sasa ni elfu tatu na ushei.
Limeota kama uyoga wanaouchuma:
gizani, usiku kwa usiku.

Namwambia: yupo mtu wa kumwita sasa hivi,
kazi yake ni hii, hatakufunga.
Anatikisa kichwa.
"Ndugu yangu yuko bandani."

Mikono yangu ilitaka kumzuia, nakiri.
Ilitaka kubonyeza kengele, kuita walinzi, kumaliza.
Lakini kumwokoa mtu kwa nguvu
ni kumbadilishia bwana tu.

Nikaandika namba ya simu kwenye pakiti ya vidonge,
nikaivunja vipande kama kipimo:
viwili asubuhi, sita mchana, vinne jioni.
Tsvetana akamfafanulia, mara mbili.
Kwa Ognyan nikasema: "Alhamisi arudi,
la sivyo mkono utakatwa."
Uongo? Nusu.

Alhamisi hakuja.
Nilikunja bandeji zilizokwisha kukunjwa.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nikaona viatu vile vile.
Ognyan alikuwa nje, akizozana na mashine ya maegesho.
Nikapiga simu; Tsvetana akapokea.
Plamen hakutaja deni wala kipigo.
Aliuliza:
"Mji huu unaitwaje?"

Miezi kumi na minne, na hakuujua mji.
Nikamwandikia kwa herufi kubwa.
Akalisoma jina polepole,
kama anayetafuna mkate wa moto.

"Basi," akasema, "waambie tuko wanane."

Nikamwonyesha komeo la mlango.
Akalifunga mwenyewe,
kwa ndani.