Kitovu cha Gurudumu la Nyuma

Dona Deolinda haamini nyundo ya haraka.
Anagonga kidogo, anageuza gurudumu,
anagonga tena, upande wa pili,
hadi beringi inatema kutu na kutoka.

Nje, mvua ya Águeda.

Anaisogeza sikioni, anaizungusha kwa kidole:
inatafuna mchanga.
Kwa ncha ya wembe anabandua kifuniko,
anaosha gololi kwa mafuta ya taa,
kisha anachungulia kitovuni, ananyamaza.
Mkwaruzo wa msumari: D.V., tisini na moja.
Na kovu la nyundo iliyoelemea upande mmoja.

“Fundi gani huyu?” anauliza Telmo.

Grisi mpya. Kifuniko kinabana: ta!

“Alikuwa na haraka,” anasema,
na hela ya kijana haipokei.