Mpangaji wa Maji Baridi

Muthiani wa duka la samaki pale Ngara
aliapa, kidole kikichuruzika maji:
"Huyu hana makuu. Hang'ati, hafukuzi,
anakaa na yeyote."
Nikalipa. Mwekundu kama pilipili iliyoivia mtini,
mistari ya samawati kichwani
kana kwamba mtu alikuwa akijaribu kalamu.

Niliuliza kuhusu meno. Niliuliza anakula nini,
atakua kiasi gani, kama atawachokoza
wale wangu wawili wa chungwa na nyeupe
waliozoea nyuzi ishirini na sita
kama mimi nilivyozoea Hola.
Sikuuliza kwao kuna baridi kiasi gani.
Nani humuuliza mpangaji hivyo?
Tunauliza kazi, tunauliza dini,
tunauliza kama anavuta sigara.

Bahari yangu iko Pangani, ghorofa ya tatu,
juu ya kabati la viatu.
Ilizaliwa na ndoo na mfuko wa chumvi,
ikakorogwa kwa mwiko
ambao Cherop ameapa hatausongea ugali tena.
Haina mwezi, haijui kupwa wala kujaa;
ina hita, na hita inakula tokeni,
na tokeni zikiisha saa nane za usiku
ninaamka kuifunika bahari kwa blanketi.

Mwezi wa kwanza mwekundu alikuwa moto wa kuotea mbali.
Alikula mara mbili, alizunguka bila kutua.
Nikasema: mtazame, amefurahi!
Wiki ya sita nikahesabu mashavu yake,
yalivyofunguka na kufunga
kama ya mtu anayepanda ngazi na lifti imeharibika.
Kumbe haikuwa furaha.
Joto lilikuwa likiitumia miaka yake
kama sukari ya nyumba yenye msiba.

Nikateremsha hita. Nikajifanya hakimu:
ishirini na tatu, kila mmoja apunguze kidogo.
Wale wa chungwa wakajikunyata konani,
wakasusia chakula;
mmoja akatoka vidoa, kama amenyunyiziwa semolina.
Na mwekundu bado anahema.
Ishirini na tatu
si kwao mtu.

Cherop ametoka Kaptagat.
Julai yote hufungua dirisha,
hulala mguu mmoja nje ya blanketi.
Mimi hulala na soksi, sweta, na kanga mbili juu yake.
Miaka minne hatujagombana.
Hatukuiita busara.
Tuliiita vyumba viwili, kodi nusu kwa nusu,
na milango inayofunga.

Ni yeye aliyesema, mswaki mdomoni:
"Mlete kwangu."

Tangi la mtumba, lita arubaini, lina mkwaruzo ubavuni.
Hita hakuna. Dirisha wazi.
Tulimshusha kwa siku tatu,
kikombe kwa kikombe, nusu digrii kwa nusu digrii,
maana hata anayerudi kwao
hatupwi mlangoni.
Asubuhi ya nne kipimajoto kilisoma kumi na nane.
Alikuwa juu ya jiwe, ametulia,
mashavu yakienda polepole,
kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu Jumatatu.

Kwangu nilirudisha ishirini na sita.
Vile vidoa vilichukua wiki tatu kuondoka,
na dawa, na kulala kwangu kwa mapumziko.

Nilirudi Ngara kumlaumu Muthiani.
Alikuwa akimfungia mteja mwingine mwekundu wa aina ile ile.
"Hakufa?" akaniuliza, macho yamemtoka.
Nikamwambia mteja: muulize digrii.
Muthiani akanitazama kama niliyemmwagia unga.

Jana usiku Cherop alisimama mbele ya tangi,
akihesabu kwa vidole: Agosti, Septemba, Oktoba.
"Na Januari," akasema,
"jua likiingia hapa kuanzia saa nne?"
Sikumjibu.
Nenda ufungue friza yetu:
chupa sita za maji, zimeganda,
na nyama haina pa kukaa.