Havikuumbwa Marika

Jengo langu Ngamiani,
maduka mawili chini,
vyumba kumi ghorofani,
bati jipya lametuka.

Duka la baiskeli,
la pili dawa asili;
hodi, pango, mara mbili
kwa mwaka, nikizunguka.

Kwenye daftari langu
lilikuwa moja fungu:
paa, tangi, kuta zangu,
bei moja nikaweka.

Kodi ilipowasili
sikuuliza maswali,
nililipa kwa ukali
huku moyo unawaka.

Nikisimama foleni,
risiti zi mfukoni,
zimelowa jasho ndani,
wino wake wachujuka.

Alikuja mhasibu,
Semboja, mwenye adabu,
futi yake na kitabu,
na soli zinabanduka.

Akasema, "Bi Saumu,
kila kitu kina zamu
yake ya kufa, fahamu:
havikuumbwa marika.

"Ukuta huu wa mawe
utatuzika mi nawe;
lakini pampu, ujuwe,
masika mbili yachoka.

"Rangi huliwa na shura,
taa hufa kila mara,
geti kutu yalipara,
nyaya panya azitaka.

"Sheria inatambua
kila kitu kupungua;
ni wewe wa kubagua
kipi kwanza huvunjika.

"Cha haraka ukikata
nafuu leo wapata,
kodi mwaka huu yasita,
bila hila wala shaka."

Nikamwambia, "Kijana,
wizi huu wa mchana
nitajibu nini, mwana,
mlangoni wakifika?"

Akacheka: "Si kuiba,
ni kusema bati, shaba
si ndugu wa moja baba,
japo wameunganika."

Tukapita chumba chumba,
tukahesabu na bomba,
vitasa, feni na kamba,
kioo kilopasuka.

Nikanong'ona, "Na nguzo
tuifanye ni uozo?"
Kanitupia la bezo
jicho, kalamu kaweka.

"Hiyo, mama, ndiyo hila.
Nguzo si ya pupa, wala
ukuta; waweza kula
ukweli, ukatosheka."

Mpangaji Taufiki
kauliza kwa dhihaki,
"Mimi hamnihakiki,
na goti limeshachoka?"

Tukacheka sote pale,
lakini jioni ile
nikawaza mambo yale
ya goti na kuandika:

mimi macho ya miwani,
magoti yapo njiani,
moyo bado u shuleni,
nami sina moja rika.

Mezani pangu kapanga
mafungu, kama karanga:
hili pevu, hili changa,
hili linapukutika.

Mbaruku, Mungu amweke,
alijenga peke yake,
kila jiwe jasho lake,
zamu ya reli 'kitoka.

Katika jedwali, jina
la Mbaruku sikuona;
kuna geti, pampu kuna.
Jasho halina miaka.

Mwezi ule wa malipo
theluthi haikuwapo;
nikasoma papo hapo
mara tatu, nikaruka.

Semboja kaonya pia:
"Kodi hujaikimbia;
leo umeiambia
'Rudi kesho,' ikatoka.

"Siku jengo ukiuza
kodi itakuuliza
kila ulichopunguza,
na risiti itataka."

Ile fedha ya nafuu
sikufanyia makuu:
ngazini, chini na juu,
chuma nikakipachika.

Taufiki akipanda,
mkono ukikiganda,
polepole akienda,
kila kidato acheka.

Semboja kaja, kapima.
"Hiki nacho," akasema,
"tukiandike mapema,
kutu iko yakisaka."

Nikatoa daftari,
nikachora mstari:
Chuma, ngazini, kizuri.
Umri: chini ya mwaka.