Saa Moja ya Songwe

Nilishuka Isongole kwenye gari lililobeba mbolea kuliko watu.
Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama mwenye nyumba.
Shangazi Atuganile alinitazama viatu kwanza, uso baadaye.
"Hivi ni vya kuingilia benki," akasema,
akanitolea buti za mpira za marehemu,
namba tisa, soksi mbili ndani, na bado zilipwaya.

Nilikuja kuona mpaka.
Nilijiandalia mto wa kutunisha kifua,
mto wa kwenye ramani, mstari mnene, mweusi.
Songwe nilioukuta umejikunja chini ya migomba,
maji ya magotini, rangi ya chai iliyosahaulika mezani,
na mama mmoja wa ng'ambo anafulia shuka upande wetu,
maana jiwe zuri liko upande wetu.
Wakasalimiana kwa Kindali, salamu ndefu,
ikapitia kwa ng'ombe, kwa bei ya maharage,
ikakaa kidogo kwenye jino la mtu fulani linalouma.
Pasi haikutajwa.

Tukapanda mgongo wa kilima hadi pumzi ikanidai.
"Moshi ule wa buluu ni Zambia," akasema.
"Bati lile linalong'aa, Malawi.
Hapo ulipokalia ni shamba langu, usinivunjie kahawa."

Simu ikatetemeka mfukoni.
Malawi wakanikaribisha, na bei ya kila dakika.
Zambia wakanikaribisha, na bei yao.
Mtandao wa nyumbani ukanitakia safari njema
nami sijainua hata goti.
Halafu saa ikarudi nyuma mbele ya macho yangu:
saa sita na robo
ikawa saa tano na robo.
Nikamwonyesha, nikicheka.

Yeye hakucheka.
Aling'oa jani la kahawa, akalikunja mara nne.

"Usiku wa Lwitiko mvua ilikuwa imekata njia ya Itumba.
Vijana wakamlaza kwenye blanketi, miti miwili,
tukavuka hapo ulipoona jiwe.
Njia ya panya, mgonjwa hana foleni.
Kule walimpokea vizuri, sitasema uongo.
Nesi aliandika kifo: saa moja na dakika arobaini usiku.
Muhuri upo, cheti ninacho kwenye kopo la majani ya chai.

Lakini mimi nilivaa saa yangu, ya huku.
Na saa moja na arobaini ya saa yangu
Lwitiko alikuwa katikati ya mto
anawagombeza wabebaji:
mnayumba kama mmetoka kilabuni,
mwenye miguu mirefu akae nyuma, nyuma, nimesema!
Akaniuliza kama nimefunga mbuzi.
Nikamwambia nimefunga.
Sikuwa nimefunga.

Sasa wewe uliyesoma, nieleze.
Kwenye karatasi amekufa.
Mtoni anagombeza.
Saa nzima hiyo ni ya nani?
Ya serikali ipi?"

Nilitafuta neno la mtu aliyesoma.
Nikapata kikohozi.

"Basi nimeichukua mimi," akasema.
"Hakuna aliyekuja kuidai.
Jioni nikishaosha vyombo, naikalia.
Namwacha agombeze mpaka achoke.
Siku nyingine namwambia ukweli kuhusu yule mbuzi."

Bondeni yule mama alikuwa ameanika shuka
juu ya vichaka, nusu huku,
na upepo ukiipeleka nusu nyingine
mahali ambapo mimi ningehitaji kugongewa muhuri.

Tukakaa. Simu ikabadili nia tena:
sita na nusu, tano na nusu, sita na nusu,
kama mtoto anayejifunza kufunga mlango.

"Saa ngapi?" akauliza ghafla.
"Ya wapi, shangazi?"
"Ya jikoni! Maharage yanaungua!"
Akashuka kilima mbele yangu, kanga kiunoni,
nami nyuma, ndani ya buti za mume wake,
nikiyumba.