Herufi kwa Mia Tatu

Naitwa Sizya, fundi wa vibao, Sikonge,
kibanda cha pili ukitoka kwa wachomea vyuma.
Nimeapa. Mkono bado una rangi nyekundu,
karani ameutazama, kisha akautazama tena.

Ndiyo, mheshimiwa, kibao nilikichora mimi.
Bati la geji thelathini, nguzo ya mtundu,
njia ya msituni, ile ya pikipiki,
inayokatiza miyombo kwenda kambi za asali,
pale kalvati lilipobebwa na mvua za Machi
likabaki pengo, upana wa kitanda,
na chini yake mawe.

Bei yangu ni herufi moja shilingi mia tatu.
Nafasi kati ya neno na neno sitozi.
Mwenyekiti Kasubi alikuja na elfu kumi na tano
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
HATARI. KALVATI LIMEBOMOKA. MITA HAMSINI MBELE.
SERIKALI YA KIJIJI HAITAHUSIKA NA MADHARA YOYOTE.
Tukahesabu kwa kidole, yeye na mimi,
kama watu wanaogawana karanga.
Themanini na moja.
Elfu ishirini na nne na mia tatu.
Akashusha pumzi. Akaomba kalamu.

Sikumlazimisha. Naomba liandikwe hilo.
Alifuta mita hamsini. Akafuta mbele.
Kalvati likamtia shaka kidogo.
"Wapitaji wanalijua," akasema, nalo likaenda.
Sentensi ya mwisho hakuigusa,
aliizungushia duara, kama anayelinda yai.

Ikabaki HATARI, herufi sita,
na chini yake arobaini na mbili za kujitoa.
Chenji ilikuwa mia sita.
Herufi mbili, mheshimiwa. Nilimrudishia mkononi.
Mshale ningechora bure. Mshale si herufi.
Hilo hakuna aliyeniuliza, nalisema mwenyewe.

Mlekwa yule pale, mguu umenyooka kwenye benchi,
vyuma ndani, na pikipiki ya mkopo bado anailipa.
Alipita usiku, Juni, madumu manne ya asali nyuma.
Wakili wa kijiji anasema: kibao kilikuwepo,
aliyeona onyo akapita, amejitakia.
Wakili wake anasema: palikuwa na nguzo tupu,
na nguzo haisemi.
Wote wawili wananigeukia mimi.

Basi. Mwezi wa saba nilikwenda kwa Kalunde kununua nta
nikakiona kibao changu juu ya mti, kimefunika mzinga.
Mwandiko wangu naujua, mkia wa R unavyokimbia.
HATARI imeliwa nusu na msumeno, bati lipate kuenea.
HAITAHUSIKA ipo nzima, nyekundu, haijapauka,
na nyuki wanaingia na kutoka chini yake.
Kalunde alisema alikiokota kimelala kifudifudi,
upepo au ng'ombe, hajui.
Akaniuliza kimeandikwa nini.
Nikamsomea.
Akasema, "Kwani kilikuwa kinaongea na nani?"

*

Hakimu aliandika kwa muda mrefu.
Shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.
Kasubi alinipita mlangoni bila salamu,
Mlekwa alinisalimia, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nilipanda baiskeli na kopo lililobaki.
Toka pengoni nikahesabu hatua hamsini kurudi nyuma,
nikaongeza kumi, maana pikipiki si mtu.
Kwenye gome la mninga, usawa wa taa ya mbele:
SHIMO.
Herufi tano. Na mshale.
Rangi iliisha kabla ya ncha,
nikaimalizia kwa mkaa.
Chini yake sikuandika kitu.